Bia ya Filamu Haina Baridi Wala Moto

Siku ile mliponionyesha filamu yenu kwenye simu nilicheka hadi nikashika mbavu, na nyinyi mkadhani imenipendeza. Ilinipendeza, sikatai. Yule msichana mliyemvalisha gauni jekundu anajua kuigiza, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini kilichonichekesha ni ile sehemu ya baa. Jamaa anaingia, anakaa kwenye kaunta, anasema, "Nipe bia," na weita anampa bia. Basi. Hakuna swali.

Vijana wangu, nimekuwa weita kwa miaka mingi kuliko umri wa mkubwa wenu, kwanza Molo, kisha hapa Nakuru. Sijawahi kuona mtu akisema "nipe bia" akapewa bia. Ataulizwa gani. Akitaja jina ataulizwa baridi ama moto. Akisema baridi ataulizwa baridi sana ama ya kiasi. Akishajibu yote hayo weita ataenda kwenye friji, atainama, atapekua, kisha atarudi kumwambia hiyo imeisha, labda achukue nyingine, na mazungumzo yaanze upya. Ndiyo baa hiyo.

Basi mlipoondoka nikachukua kalamu. Miguu yangu ilistaafu kabla yangu, kwa hivyo nafasi ya kukaa na kuandika ninayo. Mkitumia haya kwenye filamu yenu sawa, mkiyatupa ni shauri yenu.

Hilo la moto naona kwanza niwaeleze, maana hata mimi liliniaibisha. Nilianza kazi Molo nikiwa msichana mbichi, nimetoka nyumbani kwetu Kaloleni ambako baba alikuwa fundi wa reli na pombe haikuingia mlangoni. Siku yangu ya pili akaja mnunuzi wa viazi, mzee mwenye koti zito hadi magotini. Akakaa, akasugua mikono, akaniambia, "Msichana, moja moto." Nikaitikia vizuri. Nikaenda jikoni, nikainjika sufuria ya maji, nikatumbukiza chupa ndani, nikarudi kuhudumia meza nyingine nikingoja ichemke.

Ilipasuka kwa kishindo hata mpishi akatoka mbio na mwiko mkononi. Mzee Njuguna, aliyesimamia kaunta, akaja akachungulia ile sufuria ikitokota bia na vigae. Kisha akanigeukia.

"Konso," akasema, "huyo mteja ameagiza bia ama uji?"

Alinicheka siku tatu, kisha akanifundisha kazi. Moto ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, imekaa tu kwenye rafu. Lakini ajabu ya Molo ni hii: ulipofika mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeshika hadi mchana, nilimwona Njuguna huyo huyo akiloweka chupa kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, akiwawekea wazee waliokuwa wakiagiza "moto moto". Kwa hivyo nilikuwa nimekosea, lakini si sana. Nilimwambia hivyo na hakupenda.

Sasa niambieni, ni filamu gani mmeona mtu akiulizwa baridi ama moto? Mjukuu wangu huniwekea zile za nje, na mimi hutazama baa tu, hadithi yenyewe hunipita. Mtu anamiminiwa glasi, anaonja mara moja, simu inalia, anapata habari mbaya, anaondoka. Glasi imejaa! Huwa nashika kichwa. Hapa kwetu mtu akipata habari mbaya anamaliza kwanza akiwa amesimama, ama anaifunika na karatasi ya serviet na kuniambia, "Konso, niangalizie hii, naenda nakuja." Na tena katika filamu msichana akikasirika anamwagia mwanamume kinywaji usoni. Katika kazi yangu nimeona watu wakirushiana maneno, viti, hata kiatu cha kushoto. Kinywaji sijaona kikirushwa.

Yule weita wa filamu naye yuko na glasi moja anaipangusa tangu mwanzo hadi mwisho. Hana kazi nyingine? Na akitaka kumpa mtu kinywaji anakisukuma kiteleze juu ya kaunta mpaka kwa mwenyewe. Kaunta zetu za zamani zilikuwa na wavu wa chuma kutoka juu mpaka chini, na tundu dogo la kupitishia chupa. Ungetelezesha nini hapo? Siku hizi nyavu zimetolewa, kaunta zina taa za buluu, na wenzenu wa chuo wanaagiza vinywaji vya rangi ya sabuni, vyenye kipande cha chungwa na mwavuli. Sina neno. Nilijifunza kuvitengeneza nikiwa na nywele nyeupe, na nilivitengeneza vizuri.

Kuita weita pia mmekosea. Jamaa yenu aliinua kidole kimoja tu. Kwetu waligonga chupa kwa kifuniko, walifanya "ssss", walipiga mluzi. Mkulima mmoja wa Rongai alikuwa akiniita kwa sauti ile ile aliyoitia ng'ombe wake, na kila mara nilikasirika, na kila mara nilienda.

Lakini msidhani nawacheka wanaoiga filamu. Alasiri moja aliingia kijana na binti aliyependeza, wote wawili wamepiga pasi. Sikuwa nimewahi kumwona. Akavuta kiti, akaegemea, akaniambia mbele ya yule binti, "Konso, kama kawaida." Jina langu lilikuwa kifuani kwenye aproni. Nikaelewa mara moja. Ningeuliza "kawaida gani?" angeanguka pale pale, na binti angeona. Nikamwinamia nikauliza kwa heshima, "Kawaida ya baridi ama ya moto leo?"

"Baridi," akasema, jasho likimtoka.

Nikamletea soda ya machungwa, baridi. Kijana wa umri ule asiyejua jina la bia moja huyo hanywi, anataka tu kuonekana mwenyeji. Aliinywa kwa mrija akinitazama kama mtu aliyeokolewa mtoni. Baadaye walioana. Binti ndiye aliyekuja kuniambia, na akaongeza kwamba alijua tangu siku ile, kwa sababu hakuna mtu ana kawaida ya soda ya machungwa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niache kucheka filamu yenu. Weita wenu alileta chupa ikiwa wazi tayari.

Mzee Njuguna alinifundisha mambo mengi lakini hili alilikariri kila asubuhi: kifuniko kitoke mwenyewe akiona. Unaleta chupa imefungwa. Unaipangusa mdomo. Unamwonyesha, "Ni hii?" Unamwacha aiguse ajue ubaridi wake. Kisha unatoa opena mfukoni, unafungua pale pale mezani, na chupa inalia. Ile "psss" ndiyo mteja anangoja. Ikilia, ni mpya na hakuna mkono ulioingia katikati. Njuguna alisema chupa isiyolia irudi ilikotoka, na weita aliyeileta aeleze. Mimi nilishika sheria hiyo tangu Molo, nikaja nayo Nakuru, na sikuivunja isipokuwa kwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Barasa.

Baa niliyofanyia kazi Nakuru ilikuwa nyuma ya soko, na meza ya karibu na dirisha ilikuwa na wenyewe. Walikuwa wanne, kila Jumamosi mchana baada ya nyama. Wawili hawana neno katika hadithi hii. Wa tatu alikuwa Gitau, fundi wa matairi, mwenye sauti ya kupasua kuta na mkono mkubwa kama koleo. Wa nne ni Barasa, dereva wa lori aliyeteremsha viazi na kabeji kutoka Dundori na Molo. Mtu wa magharibi kama baba yangu, mpole, mjane, watoto wako mbali. Kwa miaka yote niliyomjua alikunywa aina moja, moto, moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Glasi hakuitaka.

Siku moja alikuja katikati ya wiki, peke yake, asubuhi, nikiwa nadeki. Akanionyesha karatasi ya hospitali. Ini lilikuwa limeanza kuharibika. Daktari alimwambia akiendelea hatafika mbali.

"Utaacha?" nikamuuliza.

"Nimeacha, Konso. Kuacha sio shida."

"Sasa shida ni gani?"

Akageuka akaitazama ile meza ya dirishani, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu yake. "Gitau akijua atanicheka mpaka nirudi. Ama ataniambia moja tu haiui, na nitaikunywa, najijua. Na nikikosa kuja, Jumamosi nitakaa na nani? Hao ndio watu niko nao hapa Nakuru. Ini linaweza ningoja. Kukaa kwenye nyumba ile peke yangu siwezi."

Nilimwonea huruma. Nikamwambia aje Jumamosi kama siku zote na aniagize kama siku zote.

Nilichofanya ni hiki. Nilipika chai ya rangi, strungi, nikaiacha ipoe. Nikaosha chupa ya kahawia mara tatu, nikaijaza, nikarudisha kifuniko chake juu na kukibana kwa kiganja. Chai ndani ya chupa ya kahawia haionekani. Na kwa kuwa alijulikana kwa kunywa moto, hakuna aliyeshangaa kuona chupa haina umande. Meza ile kila mtu alijiagizia na kujilipia yake, kwa hivyo hakuna niliyemwibia. Shida ilikuwa kulia. Chai hailii. Basi nikajifunza kungoja mpaka mwingine aagize pamoja naye. Niliweka chupa mbili mezani, nikafungua ya Gitau, na wakati inapiga "psss" opena ilikuwa tayari juu ya ile ya Barasa. Sauti moja ikatosha chupa mbili.

Ilifanya kazi tangu kabla ya Pasaka hadi viazi vya msimu wa pili vilipoanza kuingia sokoni. Barasa alinenepa kidogo usoni. Macho yakaacha ile rangi ya manjano. Alicheka na wenzake, alibishana habari za mpira, alilipa strungi yangu kwa heshima kama bia. Hakuna mteja niliyewahi kumhudumia kwa furaha kama hiyo.

Kisha zikaja habari za mchele. Mnajua ninachosema: mtu anatiliwa dawa kwenye kinywaji, anaamka hana simu wala viatu. Ilimpata fundi aliyefanya kazi na Gitau, kwenye baa nyingine mjini, akalazwa hospitali siku kadhaa. Kutoka hapo Gitau akawa askari wa meza. Kila chupa ilipofunguliwa alitega sikio, akahakikisha imelia.

Jumamosi hiyo watu walijaa. Wenzake watatu walikuwa bado na chupa nusu. Barasa akaniinulia yake tupu. "Konso, ongeza moja." Nilipaswa kungoja. Nilipaswa kujifanya sijasikia hadi mwingine aagize, mbinu rahisi ambayo kila weita anaijua. Lakini nilikuwa na meza saba zikiniita, nikaenda nikaileta, nikapangusa mdomo, nikaweka opena.

Kifuniko kilitoka kimya kama kofia ya mtu kanisani.

Gitau akasimamisha mdomo katikati ya neno. "Hiyo haijalia."

"Imelia, hujasikia na hii kelele," nikasema.

"Konso, hiyo haijalia!" Akanikamata kifundo cha mkono. "Barasa, wacha hiyo kitu! Usiguse! Huyu mathe anakuwekea mchele!"

Baa nzima ikasimama. Mmoja alisema nipelekwe polisi. Mwingine akasema alikuwa ananishuku siku nyingi, mtu ambaye sikumjua hata sura. Madam, mwenye baa, akatoka kaunta. Alikuwa mwanamke wa haki lakini mwenye kuogopa sana jina la baa yake kuchafuka.

"Konso," akasema, "hiyo chupa imefunguliwa na nani?"

Nilimtazama Barasa. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, uso umemwishia damu. Nitawaambia ukweli, vijana: nilikasirika. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, strungi, na mkono wangu ungeachiliwa. Miaka yangu yote, jina langu lote, watu waliokuja pale kwa sababu ni mimi ninayefungua, vyote vilikuwa kwenye neno hilo. Lakini ningelisema, lingekuwa limesemwa na mimi, mbele ya watu wote, na yeye angekaa wapi Jumamosi iliyofuata?

"Ni makosa yangu, Madam," nikasema. "Nimeleta bila kuangalia."

"Makosa gani? Wewe ndiye umefundisha hawa wengine wote." Sauti yake ikashuka. "Basi vua aproni. Nenda ukae ofisini tuite watu wa polisi."

Gitau hakuniachia, kwa hivyo nikaanza kufungua kamba ya aproni kwa mkono mmoja. Haifunguki kwa mkono mmoja. Nikasikia kiti kikiburutwa.

"Ngojeni," Barasa akasema.

Akachukua ile chupa. Gitau akapiga kelele, "Usikunywe! We Barasa, utakufa!" Barasa akaiinua akainywa yote, bila kupumzika, koo likipanda na kushuka, kila mtu akiangalia. Akaiweka mezani. Akapangusa mdomo.

"Ni strungi," akasema. "Chai. Haina hata sukari. Konso amekuwa akinipikia tangu kabla ya Pasaka. Mimi niliacha pombe, Gitau. Ini langu lilikuwa linaisha. Niliogopa kuwaambia."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimengoja kicheko, naye pia alikuwa amekingoja, nilimwona mabega yamejikunja. Mkono wa Gitau ukalegea kwenye mkono wangu. Akaketi polepole. Niliona macho yake yamekuwa mekundu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule ukali wote ulikuwa woga. Alidhani anamwona rafiki yake akiuawa.

"Tangu Pasaka?" akauliza.

"Tangu kabla."

"Na umekaa hapa na sisi kila Jumamosi, ukikunywa chai baridi kwa chupa."

"Nilitaka tu kukaa."

Madam akawaambia watu warudi kwenye viti vyao, kisha akanigeuza begani na kunifunga ile kamba mwenyewe. Gitau akaniangalia mkono, akaona alama za vidole vyake. "Nisamehe, mathe," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nikamwambia imepita. Haikuwa imepita, lakini ilipita baadaye.

Kisha akageuka kwa Barasa, na ile sauti yake ya kupasua kuta ikarudi. "Sasa wewe mtu mzima mwenye akili, nani amekuambia chai inakunywewa hivyo? Konso! Mletee huyu mtu chai ya maziwa. Kwa kikombe. Na sukari."

Nikaenda jikoni nikaipika mwenyewe, nikaitia kwenye kikombe cha udongo cha Madam kwa sababu baa haikuwa na vikombe vya wateja. Niliporudi nayo ikifuka mvuke, meza ilikuwa imejaa chupa na sahani za mifupa, hakukuwa na mahali pa kuiweka. Gitau akanyoosha ule mkono wake mkubwa, akasogeza bia zao zote kando, na kuipangusa meza mbele ya Barasa kwa kiganja.